Jimu chini ya nyumba: jasho la lazima na jasho la hiari

Tuseme unajenga Kasulu au Kibondo, kiwanja kiko kwenye mteremko, na fundi anakwambia chini ya sebule kutabaki chumba. Unawaza jimu. Wazo zuri! Ila kabla hujaagiza mashine ya kukimbilia, sikia historia yake.

Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu la ngazi kwa ajili ya wafungwa. Walilikanyaga kwa saa nyingi bila kufika popote. Katika gereza la Brixton, London, lilisaga nafaka. Baadaye Uingereza iliachana na adhabu hiyo, lakini jina la Kiingereza la mashine ya leo ni lile lile la gurudumu la wafungwa.

Huku Buha nako jasho halikuwa starehe. Wakati wa ukoloni wanaume wengi wa Kiha walikwenda mashamba ya mkonge Tanga. Kuanzia 1944 ofisi ya wenye mashamba, SILABU, ikawa inawaandikisha. Wakaitwa manamba. Siku ilihesabiwa kwenye kadi, kipande, ukishamaliza kazi uliyopimiwa. Ungemwambia babu yule ainue chuma bure jioni, angekuona umechanganyikiwa.

Sasa wengi wetu tunakaa kutwa. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani.

Kwa hiyo mwili unahitaji kazi. Kilichomtesa mfungwa hakikuwa ngazi peke yake, ni kwamba hakuwa na ruhusa ya kuacha. Hapo ndipo pa kuanzia kuchora chumba chako.

Weka madirisha pande mbili ili hewa ipite, maana ukuta uliogusa udongo hunyonya maji masika. Jiko la mkaa lisiingie humo kabisa: hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua. Weka benchi la kupumzikia na maji ya kunywa. Chuma si lazima. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, likiwa nusu ni kilo 10.

Na mashine ya kukimbilia? Subiri kwanza. Ngazi za kushukia humo chumbani unazo tayari. Panda, shuka, na ukichoka, kaa. Hakuna anayeshika kipande chako.