Historia ya kupima hewa ya mijini: Kutoka Sydney hadi Nairobi

Alfajiri ya tarehe 23 Septemba mwaka 2009, wakazi wa Sydney nchini Australia waliamka na kukuta anga imegeuka rangi ya kutu. Vumbi jekundu lililopeperushwa kutoka nyika kame za bara lilifunika jumba mashuhuri la Opera na daraja la bandari, na baadhi ya ndege zililazimika kutua katika miji mingine.

Siku ile hakuna aliyehitaji chombo ili kujua kwamba hewa imechafuka. Lakini hatari kubwa zaidi ya mijini ni ile isiyoonekana kwa macho. Chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ambazo ni ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, WHO, limekadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo milioni 4.2 vya mapema duniani mwaka 2019.

Jumatano na Jumapili

Jimbo la New South Wales, ambalo mji wake mkuu ni Sydney, lilipitisha sheria ya hewa safi mwaka 1961, wakati adui aliyejulikana zaidi alikuwa moshi wa viwanda. Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi: je, kile kisichoonekana kinatoka wapi?

Jibu lilianza kupatikana katika kitongoji cha Lucas Heights, kusini mwa jiji, yalipo makao ya Shirika la Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia la Australia, ANSTO. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanasayansi wa shirika hilo, akiwemo mwanafizikia David Cohen, walianza kunasa chembe hizo kwa vichujio. Hewa ilivutwa kwa saa 24 kila Jumatano na kila Jumapili, siku moja ya kazi na nyingine ya mapumziko.

Kichujio kilipelekwa kwenye mtambo unaorusha protoni kwa kasi kubwa. Protoni zinapogonga chembe zilizonaswa, kila elementi hutoa miale yake, mithili ya sahihi ya mtu. Silikoni hufichua udongo, sodiamu hufichua chumvi ya bahari, na potasiamu huashiria moshi wa kuni. Madini ya risasi yalikuwa alama ya petroli ya zamani, ambayo Australia iliacha kuiuza mwaka 2002.

Matokeo hayakuwa yale ambayo wengi wangeyatarajia. Katika msimu wa baridi, sehemu kubwa ya chembe hizo katika vitongoji vya magharibi, kama vile Liverpool, ilitokana na kuni zilizochomwa majumbani ili kupasha nyumba joto.

Kila jiji na moshi wake

Njia hiyo haikubaki Australia. Nchini Vietnam, wanasayansi wa nchi hiyo wakishirikiana na wenzao wa ANSTO walikusanya vichujio mjini Hanoi, pia kila Jumatano na Jumapili, kuanzia Aprili 2001 hadi Desemba 2008. Ilibainika kwamba asilimia 40 hivi ya chembe hizo ilitokana na magari na usafiri, na kwamba sehemu ndogo ilikuwa vumbi lililosafiri kutoka majangwa ya Taklamakan na Gobi.

Barani Afrika, azimio la Dakar la Juni 2001 lilifungua njia ya kuondoa petroli yenye madini ya risasi, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo. Kati ya mwaka 2008 na 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Gothenburg, Sweden, walikusanya vichujio jijini Nairobi. Waligundua kwamba magari na vumbi la udongo kwa pamoja vilichangia karibu robo tatu ya chembe ndogo. Mjini Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha mwaka 2015 mradi wa AirQo, unaotengeneza vipimo vya bei nafuu, ambavyo vingine hufungwa kwenye pikipiki za bodaboda.

Majiji hayo yamepata majibu yasiyofanana. Takwimu za Sydney kuhusu moshi wa kuni zisingeweza kumwongoza kiongozi wa Hanoi wala wa Nairobi. Nchi isiyo na wanasayansi wake hulazimika kuazima majibu ya wengine, na pengine kupambana na moshi usio wake.

Nguvu ya Lucas Heights ilitokana na mtambo wake, na zaidi ya hapo na subira, kwani vichujio viliendelea kukusanywa kwa miongo. Utafiti ule wa Nairobi ulikuwa wa miaka miwili. Kwa nchi zinazoendelea, mtihani ni kuhakikisha kwamba kijana aliyefundishwa kupima hewa anapata kazi, chombo na bajeti ya kuendelea kuipima hata baada ya wafadhili kuondoka.