Dhamana ya Saini: Wagombea na Wadhamini Wao, Masasi na Newala

Neno dhamana liliingia katika Kiswahili kwa mlango wa biashara na wa baraza la kadhi. Aliyetaka mali kwa mkopo alitafuta mtu wa kumsimamia. Mtu huyo akaitwa mdhamini, na mdaiwa akitoroka, deni lilimwangukia yeye. Kudhamini, basi, hakukuwa kumsifu mtu. Kulikuwa kuweka jina lako chini ya jina la mwenzio na kukubali kwamba hasara yake huenda ikawa yako. Neno hilohilo ndilo linalotumika katika fomu za uteuzi za Tanzania kumtaja raia ambaye saini yake humfungulia mtu njia ya kuingia katika karatasi ya kura.

Sheria yenyewe ni nyepesi kuieleza. Anayetaka ubunge hudhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 25 walioandikishwa katika jimbo lake. Anayetaka urais wa Muungano hudhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 200 katika kila mkoa, katika mikoa isiyopungua kumi, na miwili kati ya hiyo lazima iwe ya Zanzibar. Kwa hiyo mkulima wa korosho aliyeko Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde ambako bonde la Ruvuma huonekana kwa mbali, na mvuvi wa Pemba ambaye hajapata kuuona uwanda huo, huweza kukutana katika bahasha moja bila ya kujuana. Swali ambalo historia inatuuliza ni hili: saini za watu hao zina nguvu gani?

Sehemu hizi za kusini zilijua thamani ya dhamana kabla ya kuijua karatasi ya kura. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyekusanya hadithi za Kiswahili za Unguja, aliondoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walifika Masasi, penye milima ya mawe chini ya uwanda wa juu, wakajenga kijiji. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huko waliitwa Magwangwara, waliwashambulia. Kijiji kikavunjika, na wamisionari wakahamia Newala chini ya ulinzi wa Matola, mtawala wa Kiyao. Hawakuwa na hati wala mkataba. Neno la Matola ndilo lililowafanya wageni wale waweze kulala usingizi, na aliyetaka kuwadhuru alijua kwamba atakuwa na shauri na Matola mwenyewe.

Utawala wa Wajerumani ulileta desturi nyingine. Maakida, wengi wao watu wa pwani, waliwekwa juu ya nchi kwa amri ya serikali. Aliyetawaliwa hakuulizwa kama anamkubali anayemtawala. Waingereza nao walipoleta uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1958 na 1959, mlango ulikuwa mwembamba. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa; tena alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Katika vijiji vya uwanda wa juu, ambako maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa genge kwa kichwa, masharti hayo yaliwaacha nje takriban watu wote.

Mabadiliko makubwa yalikuja Septemba 1965. Nchi ilikuwa imekwisha kuwa ya chama kimoja, na wengi walidhani uchaguzi umekwisha nao. Kumbe utaratibu uliowekwa ulikuwa na jambo la kuzingatiwa. Mwanachama wa TANU aliyetaka ubunge alianza kwa wananchi: alikusanya saini za wapiga kura 25 wa jimbo lake. Fomu hiyo ndiyo iliyompeleka mbele ya mkutano wa chama wa wilaya, ambao ulipiga kura ya kuwapanga waombaji. Kisha Halmashauri Kuu ya Taifa iliteua wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, wakapelekwa kwa watu wote. Mwaka huo mawaziri hawakusalimika: Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa Mwanza.

Tusiupambe utaratibu ule kuliko ulivyokuwa. Halmashauri Kuu ilikuwa na uwezo wa kumwondoa mtu aliyependwa na mkutano wa wilaya, na nje ya TANU hapakuwa na njia. Lakini mpangilio wa hatua zake unatufunza jambo. Saini za wananchi zilitangulia, chama kikafuata. Mtu hakuhitaji kuitwa na wakubwa ndipo ajitokeze. Alihitaji majirani 25 ambao wangekubali kuonekana wamesimama naye. Mlango ulindwa na chama, ila ufunguo wa kwanza ulikuwa kijijini.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1985, Benjamin William Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, aliingia bungeni kwa jimbo la Nanyumbu, ambalo wakati huo lilikuwa katika Wilaya ya Masasi. Alilishika mpaka mwaka 1995. Katika miaka hiyo kumi nchi iligeuka. Sheria ya Vyama vya Siasa Na. 5 ya 1992 ilirudisha vyama vingi, nayo iliweka hesabu ya saini: chama kinachotaka usajili wa kudumu sharti kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, katika mikoa isiyopungua kumi, Unguja na Pemba zikiwamo. Mkapa alipogombea urais mwaka 1995, wadhamini wake walitakiwa kwa hesabu hiyohiyo ya 200 kwa mikoa kumi.

Hapo ndipo mpangilio ulipopinduka pasipo watu wengi kuutambua. Saini 25 za jimbo zilibaki katika sheria, lakini sasa chama kilitangulia na saini zikafuata. Hata mtu angekusanya majina ya jimbo zima, kama hakuna chama kilichomdhamini, fomu yake haipokelewi. Majirani waliokuwa mlango wa kwanza wakawa mashahidi wa jambo lililokwisha kuamuliwa mahali pengine.

Mtu mmoja aliukataa mpangilio huo mahakamani. Mchungaji Christopher Mtikila, mtu wa Ludewa, alifungua shauri Dodoma mwaka 1993, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akaamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila ya chama. Bunge likajibu kwa kuibadili Katiba mwaka huohuo, ili sharti la chama libaki. Mtikila akarudi mahakamani mwaka 2005. Mahakama Kuu ikamkubalia Mei 2006, Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu hiyo Juni 2010. Akaenda Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki yake. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba nayo ilimkubali mgombea huru, ila kura ya maoni juu ya Katiba mpya, iliyopangwa Aprili 2015, haikufanyika. Sharti la chama lilivuka salama mashauri yote hayo.

Jirani zetu wa Kenya walichagua njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010 inamruhusu mgombea huru, nayo inamtaka alete saini za wapiga kura wasiopungua 1,000 wa eneo bunge lake. Kwa hiyo Lamu au Mombasa, asiye na chama huleta watu. Saini hapo zinasimama badala ya chama. Katika Masasi na Newala zinasimama nyuma yake.

Katika karatasi ya urais ya mwaka 2005, Mtikila alikuwamo kwa tiketi ya chama chake cha DP. Jina jingine katika karatasi hiyo lilikuwa la Dk. Emmanuel Makaidi, mwenyekiti wa NLD, mtu wa Masasi. Kila mmoja alipata chini ya nusu ya asilimia moja ya kura. Wapo waliowacheka. Lakini kila mmoja alikuwa amekwisha kuhesabiwa wadhamini 200 katika kila mkoa kati ya mikoa kumi, na mtu anayekubali kumdhamini asiye na tamaa ya kushinda huenda ndiye mdhamini wa kweli kuliko wote, maana hana fadhila anayoitazamia.

Chama tawala chenyewe hakikuisahau nguvu ya saini. Mwaka 2015 kila mwana CCM aliyetaka kuteuliwa kugombea urais alitakiwa kuleta wadhamini 450 kutoka mikoa 15, mitatu ikiwa ya Zanzibar. Wanachama 38 walirudisha fomu, miongoni mwao Bernard Membe wa Rondo, jirani ya Masasi upande wa Lindi. Ukizidisha, ni saini zisizopungua 17,100. Walizunguka mkoa kwa mkoa, wakapokewa kwa ngoma, na mwishoni vikao vya Dodoma vikamtoa mmoja, John Magufuli. Ndani ya chama mpangilio wa 1965 ulikuwa umerudi: wananchi kwanza, kisha wakubwa. Na kama mwaka 1965, neno la mwisho halikuwa la waliotia saini.

Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo uliwachukua wote wawili, Mtikila na Makaidi. Mtikila alifariki tarehe 4 katika ajali ya gari karibu na Chalinze. Makaidi, aliyekuwa akigombea ubunge wa Masasi Mjini kwa makubaliano ya UKAWA, alifariki tarehe 15, siku kumi kabla ya kura. Sheria inasema mgombea ubunge akifa kabla ya kura, uchaguzi wa jimbo husimama. Watu wa Masasi Mjini walimpigia kura rais tarehe 25 Oktoba, lakini mbunge wao walimngojea mpaka Desemba. Katika msimu wa kuokota korosho, uteuzi ulifunguliwa upya.

Tukio hilo linaonyesha kwamba sheria, kwa ukali wake wote, inaiheshimu karatasi ya uteuzi: jina likitoweka, jimbo zima husubiri. Heshima hiyo haikuonekana daima. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 na uchaguzi mkuu wa 2020, wagombea wengi wa upinzani nchini walienguliwa kwa kasoro zilizodaiwa kuwamo katika fomu zao. Mgombea akienguliwa hivyo, hupoteza nafasi yake. Wadhamini wake hupoteza kitu kingine, kisichotajwa katika hukumu ya rufaa yoyote: walitoa majina yao hadharani, katika kijiji ambamo kila mtu anamjua mwenziwe, kisha wakaambiwa kwamba majina hayo hayakufaa kitu.

Kila Agosti ya mwaka wa uchaguzi, mikorosho inapochanua, wapambe hupita tena katika vijiji vya Newala na Masasi wakiwa na fomu na kalamu. Wanaotia saini si wajinga wa mpangilio. Wanajua kwamba chama kimetangulia. Hata hivyo huuliza maswali ya zamani kabla ya kushika kalamu: mtu huyu ni wa nani, amelelewa wapi, na akituangusha tutamwendea nani? Hayo ni maswali ya mdhamini wa baraza la kadhi, na ni ya Matola pia. Fomu ina nafasi ya jina, ya namba ya kadi ya mpiga kura na ya saini. Nafasi ya majibu ya maswali hayo haijawekwa bado.