Wasilisha na kipande: msamiati wa historia ya uchumi na jamii kongamanoni

Kitenzi *wasilisha* kimejengwa juu ya *wasili*, 'fika', chenye asili ya Kiarabu. Kuwasilisha utafiti, basi, ni kuufikisha kwa wasikilizaji. Tendo ni *uwasilishaji*. Kinachotolewa ni *wasilisho* (LI-YA). Mwenye kulitoa ni *mwasilishaji* au *mtoa mada*. *Makala* ni maandishi kamili, *ikisiri* ni muhtasari wake unaotumwa mapema kwa waandaaji. *Kupresenti pepa* husikika wakati wa chai. Katika ikisiri hakuna nafasi yake.

Msamiati huu wa ukumbini haumsumbui mtu kwa muda mrefu. Kinachosumbua ni istilahi za historia yenyewe, hasa zile zinazofanana na maneno ya kila siku. Mfano mzuri ni *kipande* (KI-VI).

Katika Kenya ya kikoloni, kipande kilikuwa hati ya usajili. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa nayo. Hati ilibeba alama za vidole vyake na kumbukumbu za ajira, ikatiwa ndani ya kikasha cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Mwajiri asipotia saini ya kumwachia mfanyakazi, mfanyakazi huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali. Ndiyo maana kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya vuguvugu la Harry Thuku, aliyekamatwa mwezi Machi 1922. Hadi leo Wakenya wengi huita kitambulisho cha taifa *kipande*.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kwa upande mwingine, kipande kilikuwa kadi ya kuhesabia kazi. Ilikuwa na nafasi 30. Kila siku iliyofanyiwa kazi ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa zilipotimia zote. Kwa hiyo neno lilitaja pia kipimo: mtu "alimaliza kipande". Siku 30 hizo si lazima zifuatane. Aliyezimaliza kwa siku 45 za kalenda alipata, kwa kila siku 30 za kalenda, theluthi mbili tu ya kiwango kilichoandikwa kwenye daftari la shamba.

Tofauti hiyo si ya wanaleksikografia peke yao. Nimewahi kutafsiri ikisiri ya mtafiti wa mishahara ya mkonge, nami nikakifanya *kipande* kuwa hati ya ruhusa ya kusafiri, kwa neno la Kiingereza ambalo kila msomaji wa historia ya Kenya analitambua. Mtoa mada alikuwa na dakika 15 na jedwali moja lililomchukua miaka miwili. Swali la kwanza lilihusu polisi na ukaguzi wa hati. La pili likafuata mkondo huohuo. Mwenyekiti akafunga kikao kabla jedwali halijajadiliwa. Kosa lilikuwa langu, naye ndiye aliyelijibia.

Kwa mfasiri, ushauri wangu ni kuliacha neno *kipande* lilivyo na kulifafanua papo hapo, mara ya kwanza linapotajwa. Kwa anayewasilisha kwa Kiswahili, *kipande cha kazi* na *kipande cha usajili* hutosha kutenganisha:

*Wasilisho hili linalinganisha malipo kwa kipande cha kazi, yaani siku 30 zilizofanyiwa kazi, si mwezi wa kalenda.*

*Kipande cha usajili kilimzuia mfanyakazi kumhama mwajiri wake.*

*Mshahara wa mwezi* katika sentensi ya kwanza ungepotosha, hata kama nyaraka za wakati ule zinautaja hivyo.

Linganisha *kibarua*: kwa umbo ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa, baadaye jina likamhamia mfanyakazi mwenyewe, na upatanisho ukabadilika: *kibarua amelipwa*, *vibarua wamelipwa*. Mtafiti anayenukuu nyaraka za zamani za Zanzibar au Mombasa aangalie kama kinachotajwa ni mtu au karatasi.