Mbwa mwenye kanseri: kumtunza ao kumuacha aende?

Kwenye parseli nyingi mbwa ndiye analinda usiku. Siku akianza kuvimba ao kutoa damu, watu wa nyumba wanasema mara moja: huyu ni wa kuua. Tusiende mbio hivyo. Kwanza mujue ni kanseri gani.

Kuna moja yenye mbwa wanaambukizana wakipandana, hata wakilambana na kunusana. Inatokea zaidi kwenye sehemu za siri, nyama nyekundu yenye kumeguka-meguka na kutoa damu. Kuiona inatisha, lakini hiyo mara nyingi inapona: shindano ya vinkristini mara moja kwa juma, kwa kawaida juma 4 hadi 6. Ni munganga wa mifugo tu anayepashwa kuichoma, sababu ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama. Kuua mbwa juu ya hiyo bila kujaribu dawa ni hasara.

Uvimbe wa maziwa kwa mbwa jike ni habari ingine. Unaanza kama punje ya haragi. Karibu nusu yake si mbaya, na kuukata kunatosha. Lakini ule mbaya ukifika kwenye mapafu, mbwa anakohoa, anahema sana hata akiwa amelala, anakonda. Kisu hakitamponya tena. Kanseri ya mfupa nayo, siku mguu unavimba, mara nyingi imekwisha kutembea hadi kwenye mapafu.

Hapo ndipo uamuzi mgumu unaanza. Munganga mmoja wa Marekani, Alice Villalobos, alitoa mwaka 2004 maulizo 7 yenye yanatumika bado: maumivu, chakula, maji, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinapita siku mbaya. Kwa maoni yetu, hilo la mwisho linatosha kwa jamaa nyingi. Kila magaribi tia alama kwenye kalenda: leo ilikuwa nzuri ao mbaya? Kutikisa mkia si ushuhuda wa kutosha. Mbwa anaficha maumivu, na anaweza kukusalimia akiwa anateseka.

Ukimuhurumia, usimupe dawa za watu. Ibuprofeni inaweza kutoboa tumbo lake na kuharibu figo, parasetamoli inaharibu maini na damu. Munganga wa mifugo anajua dawa ya maumivu inayomfaa.

Na kama mumeamua kumuacha aende, si kwa fimbo wala sumu. Sumu ya panya inaweza kumtesa siku kadhaa, na mabaki yake yanaweza kuua kuku wa jirani ao kumfikia mtoto. Munganga anamuchoma dawa ya kulaza kwa kipimo kikubwa. Mbwa anasinzia kwa sekunde chache, moyo unasimama ndani ya dakika. Mahali dawa hiyo inakosekana, anaweza kulazwa kabisa kwanza, mpaka asisikie kitu, kisha apewe ile ya kusimamisha moyo. Uliza mbele: atalala kwanza? Kama jibu ni hapana, kataa.

Watoto waambiwe ukweli, si kwamba mbwa amepotea.

Mzikeni siku hiyo hiyo, shimo lenye kina, mbali na kisima. Nyama yake isiliwe na mtu wala mbwa wengine: dawa inabaki mwilini siku nyingi, na inaweza kuua mwenye kuila.