Zamu Yangu

Nilipolinunua Datsun 240Z langu, gari la kasi lenye milango miwili, lilikuwa limekwisha pita mikono mingi. Jamaa walinicheka: mkweche huo wa nini? Mimi niliona historia. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki kwa gari la aina hiyo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alilipatia ushindi wa pili, baada ya kulingana pointi na Harry Källström.

Lakini sifa za jana hazizuii kutu ya leo. Maji hutuama chini ya betri, yakala bati kimyakimya. Injini yake ya silinda sita, lita 2.4, ina kabureta mbili ambazo sharti zivute hewa sawasawa. Zikipishana, gari hutetemeka. Fundi wangu alizilinganisha kwa kusikiliza mvumo wake kupitia kipande cha mpira alichokitia sikioni.

Mwaka jana mzee huyo alikiri kuwa masikio yanamwishia. Akanikabidhi mpira wake. "Haya, mwanangu, sasa sikiliza wewe."

Siku ile nilisikia upepo tu. Leo naibaini tofauti.

Vitabu vimehifadhi majina ya madereva. Magari yenyewe yamehifadhiwa na mafundi wasioandikwa popote. Nilidhani nimenunua historia, kumbe nimepewa zamu ya kuitunza.