Njia Panda ya Himo na Sauti za Ulimwengu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi hufika Njia Panda kabla ya kuuona mji. Hapo barabara hugawanyika: moja huendelea Moshi na Arusha, nyingine huingia Himo, na kutoka Himo mtu aweza kupanda Marangu au kushika njia ya Holili, mpakani mwa Kenya. Soko la Himo ni chuo cha kwanza cha watoto wa mahali hapo. Mtoto aliyefuatana na mama yake husikia Kivunjo, Kikahe, Kipare na Kimasai, kisha huwaona wasemaji wake wakielewana kwa Kiswahili. Kabla hajajua kusoma, amekwisha kujua kuwa watu hawafanani, na kwamba kusemezana kwawezekana. Historia ya vyombo vilivyouleta ulimwengu kwa watoto wa mlimani yafaa kupimwa kwa kipimo cha soko hilo, ambako asemaye husikilizwa, na asikilizaye hujibu.

Redio ndiyo iliyotangulia. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwanzoni haikusikika mbali na mji ulioipa jina. Mwaka 1956 kazi yake ilishikwa na Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Wakati huo mataifa ya mbali yalikuwa yamekwisha kuitambua nguvu ya Kiswahili. Cairo ilianza kutangaza kwa lugha hiyo mwaka 1954, BBC ya London tarehe 27 Juni 1957, na Deutsche Welle ya Ujerumani mwaka 1963. Kila mmoja alikuwa na haja yake, maana ukoloni ulikuwa ukiondoka na mataifa makubwa yalikuwa yakigombea nyoyo za watu. Redio ndogo za betri zilipoenea, mabishano hayo yaliingia katika nyumba zilizozungukwa na migomba. Lakini habari hizo zilisemwa kwa watu wazima. Mtoto alisikia majina ya miji ya mbali kama asikiavyo ngurumo: alijua kuna jambo, asijue ni jambo gani. Kujibu kulitaka barua, na barua ilimtaka ajuaye kuandika.

Televisheni ilikawia. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, bali Tanzania Bara iliingojea hadi 1994. Ilipokuja ilileta picha ambazo mtoto mdogo hakuhitaji kuzisoma, na hiyo ilikuwa faida kubwa. Hasara yake haikuonekana upesi. Nyingi katika katuni zilizofika zilitengenezwa ng'ambo, na aghalabu zilisema Kiingereza. Mtoto wa Himo aliweza kuistaajabia theluji ya nchi za watu katika kioo hali ameipa kisogo theluji ya Kibo. Aonyeshwaye nyumba za wengine kila siku bila kuiona yake hata mara moja aweza kudhani kuwa ulimwengu ni mahali pengine, naye hayumo.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi, ukaiunganisha Dar es Salaam na mabara mengine. Mwaka 2014 ikaanza kuonyeshwa katuni ya Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam, ikifundisha hesabu kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili. Baadaye ilitafsiriwa na kutazamwa katika nchi nyingine za Afrika. Kwa mara hii mtoto wa mbali ndiye aliyeletewa utani na nyimbo za Tanzania.

Ushahidi mwingine ulitoka mkoa wa Tanga, unaopakana na Kilimanjaro. Kati ya 2017 na 2019, katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 3,000 wa vijiji zaidi ya 170 walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa nguvu ya jua. Zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi wawili walikuwa onebillion ya Uingereza, na Kitkit School iliyoundwa na watu wa Korea Kusini na Marekani. Wageni hao walilazimika kuingia katika lugha ya mtoto wa kijijini kabla ya kumfundisha lolote. Tena chombo chao kilimngoja mtoto aguse, ajaribu, akosee na kurudia. Kwa kiasi hicho kilisikiliza.

Mwezi Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo, mita 3,720 juu ya bahari, katika njia ya Marangu. Tangu hapo mgeni apandaye mlima aweza kuwatumia jamaa zake picha akiwa kambini. Mlima wasemwa duniani kote siku hiyo hiyo; mtoto wa chini yake bado asemwa zaidi kuliko asemavyo. Kazi iliyobaki ni ya walimu na wazazi: kumtafutia mtoto wa Himo rafiki wa rika lake ng'ambo, na kumwacha amweleze mwenyewe mbege hupikwaje, mfongo huleteje maji migombani, na bibi yake huitaje vitu kwa Kivunjo. Barabara za Njia Panda zina kwenda na kurudi, na soko la Himo husimama kwa sababu ya yote mawili.