Safu ya Lugha: Anketi

Huko Mubi, mji wa biashara ya kasiteriti, yaani madini ya bati, katika Walikale, mashariki mwa Kongo, mtu akipita nyumba kwa nyumba akiuliza bei ya mihogo husema anafanya anketi. Polisi akimsaka mwizi, naye yuko kwenye anketi. Neno ni la Kifaransa, enquête, na kwa Wafaransa linabeba maana zote mbili. Chimbuko lake ni Kilatini quaerere, kutafuta au kuuliza. Waingereza nao wana inquest ya mzizi huohuo, ila wao wameibana: ni uchunguzi wa kisheria, hasa wa chanzo cha kifo. Anayeitumia kutafsiri anketi ya mihogo amepotoka.

Kiswahili hakina uhaba hapa. Mwenye dodoso anafanya utafiti, polisi upelelezi. Mwandishi wa habari humhoji mtu, na kuhoji ni ndugu wa hoja, kutoka Kiarabu hujja. Mwomba kazi husailiwa, kutoka Kiarabu saala, iliyotupa pia swali. Mama anayebishiwa hodi ana haki ya kujua kama majibu yake yanakwenda kwenye takwimu au mahakamani. Ndugu watafiti, mkifika mlangoni, semeni utafiti.